Nyumbani gitaa tamu, kwenye bendi halisikiki: nobu za amplifaya zinavyofanya kazi

"Mtaalamu, habari za kazi. Napiga gitaa la pili kwenye bendi ya kanisa. Tuko na kinanda, gitaa la besi, dramu na waimbaji sita. Amplifaya yangu ni ndogo, ya transista, wati 20, spika ya inchi 8. Nyumbani nikiweka besi 8, mido 2 na trebo 8 inatoa sauti nzito inayong'aa, tamu kweli. Nikifika mazoezini sisikiki. Nikiongeza geini inakwaruza, nikiongeza trebo waimbaji wanasema nawachoma masikio, nikiongeza besi inavuma tu. Rafiki yangu anadai nobu zote zikikaa kwenye 5 ndiyo sauti halisi ya gitaa. Mwingine anasema niiuze nichukue ya wati 100. Halafu kuna siku mdomo ukigusa maiki huku nimeshika nyuzi nasikia umeme unanifinya. Nifanyeje?"

Nianzie mwisho wa swali lako, maana huko ndiko kwenye hatari. Umeme unaokufinya mdomoni si ubovu wa maiki. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi la chuma la amplifaya, kupitia daraja la gitaa na waya wa jeki. Maiki nayo imeungana na bodi la miksa. Vifaa vyote viwili vikiwa na ethi nzuri (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), hakuna tofauti ya volti kati yao na husikii kitu. Kimoja kikikosa ethi, bodi lake linabaki na volti, na wewe uliyeshika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki unageuka waya wa kuviunganisha. Mara nyingi chanzo ni ekstensheni isiyo na ethi, soketi ambayo waya wake wa ethi haufiki popote, au plagi ambayo mtu aliing'oa pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Ukiwa na mita ya umeme, iweke kwenye volti za AC, ncha moja iguse nyuzi na nyingine wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti chache, usipige. Mwite fundi umeme apime ethi ya jengo, kisha amplifaya na miksa zichukue umeme sehemu moja. Kuvisha maiki sponji kunaziba dalili tu, tatizo linabaki palepale.

Sasa tuje kwenye sauti. Amplifaya yako si mbovu. Umepandisha vitu viwili ambavyo bendi tayari inavyo tele, besi (sauti nzito za chini) na trebo (sauti kali za juu), ukashusha kile kimoja ambacho ni cha gitaa, mido (sauti za katikati).

Tazama nani anakaa wapi. Uzi wa sita wa gitaa lako ukipigwa wazi unatetema mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Uzi wa kwanza ni hezi 330, na ukiukanyaga freti ya 12 unafika 660 hivi. Gitaa la besi linaanzia hezi 41, na nguvu yake inatawala hadi mia mbili na kitu. Dramu la mguu liko humohumo, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda pia. Kule juu, kuanzia hezi elfu tano kwenda mbele, matoazi yamejaa, tena spika ya gitaa haifiki mbali huko. Nyingi zinaanza kufifia kwenye elfu tano. Katikati, kuanzia mia tatu au nne hadi elfu tatu hivi, ndipo mwili wa gitaa ulipo, ule mgongano wa kipiki (kibao cha kupigia nyuzi) na uzi unaomfanya msikilizaji aseme "lile gitaa". Waimbaji nao wako hapo, nitarudi kwao. Ukiweka mido kwenye 2 umejifuta sehemu yako, kisha ukaenda kupigana na besi na matoazi kwenye nyumba zao. Hushindi.

Mbona nyumbani ilikuwa tamu? Ni sikio. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walilipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu linasikia katikati vizuri kuliko chini na juu kabisa. Chumbani unapiga kwa sauti ndogo, sikio linakosa besi na trebo, mkono unaziongeza, na kinachofika kichwani kinaonekana kimekamilika. Ukipandisha sauti hadi kulingana na dramu, sikio linaanza kuzisikia besi na trebo lenyewe, na zile ulizoongeza zinakuwa ziada: besi inavuma, trebo inachoma. Kwa hiyo mpangilio wa chumbani haubebeki kwenda mazoezini. Sauti hupangwa pale itakapotumika, kwa ukubwa utakaotumika, bendi ikiwa inapiga. Mpangilio unaokaa vizuri kwenye bendi, ukiupiga peke yako chumbani utausikia mkavu, kama unaongea puani. Usiogope hilo.

Rafiki yako wa namba 5 ana nusu ya ukweli. Kuna amplifaya ambazo ekolaiza yake (zile nobu za besi, mido na trebo) inaweza kuongeza na kupunguza. Nobu ikifika katikati unahisi kama inanasa kidogo, na hapo kweli haifanyi lolote. Lakini muundo ulioenea zaidi, uliotoka kwenye amplifaya za Fender na Marshall na kuigwa na wengi, hauongezi kitu. Ni kapasita na rezista tu, kazi yake ni kupunguza. Nobu zote zikiwa kwenye 5 pana bonde pale katikati, yaani sauti za hapo zimepungua, kati ya hezi 400 na 700 kutegemea muundo, kwa sababu mzunguko wenyewe umejengwa hivyo. Kwenye Fender Twin Reverb, anayetaka sauti iliyo karibu na tambarare anaweka besi 2, mido 10, trebo 2. Ukiifuata namba 5 kama sheria, umekubali bonde bila kujua.

Jambo jingine la muundo huo: nobu tatu hizi zinategemeana. Ukipandisha trebo sana, mido inapungua nguvu ya kufanya kazi; ukishusha trebo, ghafla mido inasikika inavyogeuka. Kujua amplifaya yako ni ya aina gani ni rahisi. Shusha besi, mido na trebo zote hadi sifuri huku unapiga. Sauti ikikaribia kufa kabisa, ni ile ya kupunguza tu. Ikibaki na sauti ya kueleweka, ekolaiza yake ni ya aina nyingine na katikati ya nobu huenda ni katikati kweli. Na usishangae ukikuta amplifaya ya kukodi isiyofanana na yako. Fender Deluxe Reverb haina nobu ya mido. Vox AC30 ina nobu ya kukata trebo inayofanya kazi kinyume: ukiizungusha kwenda juu, ukali wa sauti unazidi kupungua. Wengi wameipandisha wakitafuta makali na kuishia kulaumu spika.

Geini na masta zinawachanganya watu kuliko nobu nyingine zote. Geini ni mlango wa kuingilia: inaamua gitaa lisukumwe kwa nguvu kiasi gani kwenye hatua ya kwanza. Masta, au volyumu ya mwisho, inaamua kiasi gani kitoke kwenda kwenye spika. Geini ikizidi, vilele vya mawimbi vinakatwa. Huo ndio mkwaruzo. Kwa roki unautafuta kwa makusudi. Lakini kwa kazi yako una hasara usiyoitegemea: kilele kikikatwa, tofauti kati ya pigo kali na pigo laini inapotea, na ule mshtuko wa mwanzo wa kila pigo, ambao ndio unapenya kelele za bendi, unabanwa. Gitaa linakuwa na kelele nyingi na usikivu mdogo. Mpiga sebene anaachia nota kumi na mbili kwa pumzi moja. Akiweka geini ya roki, zote zinashikana kama ugali.

Pia tambua mkwaruzo unatoka wapi. Shusha masta bila kugusa geini. Ukibaki, ni wa geini: shusha geini, pandisha masta. Kama geini iko chini, kwenye 3, na mkwaruzo unakuja tu masta ikipita 8, hapo amplifaya yenyewe imefika mwisho, au karatasi ya spika inapigapiga kwa sababu umeilazimisha inchi 8 kutoa besi isiyoiweza. Shusha besi kwanza kabla ya kuilaumu. Besi ndiyo inayokula wati nyingi kuliko kitu kingine, na mara nyingi ukiitoa kidogo unapata nafasi ya kupandisha masta bila mkwaruzo.

Kuhusu wati 100, fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ili sikio liseme "hii ni kubwa mara mbili" unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kutoka 20 hadi 100 ni desibeli 7: tofauti utaisikia, lakini haifiki hata mara mbili. Spika kubwa zaidi, ya inchi 12, huleta badiliko unalolihisi kuliko namba ya wati. Na ukihamia wati 100 ukaweka tena besi 8, mido 2, trebo 8, utapotea vilevile, ila kwa kelele zaidi.

Jumamosi ya mazoezi fika mapema, na kabla ya nobu angalia amplifaya imekaa wapi. Ikiwa sakafuni kwenye kona, sakafu na kuta mbili zinaongeza besi bila wewe kugusa kitu. Itoe kwenye kona, ipandishe juu ya kiti imara, na uiegemeze nyuma kidogo ili spika itazame masikio yako badala ya ndama za miguu. Sababu ni kwamba trebo husafiri mbele ya spika kama mwanga wa tochi, besi husambaa kila upande. Ukisimama karibu kabisa na amplifaya iliyo sakafuni, tochi inapita magotini. Unasikia sauti nzito, unaongeza trebo, na mwimbaji aliyesimama mita tatu mbele, kwenye mwanga wenyewe, ndiye anayechomwa. Nina hakika malalamiko ya waimbaji wako yameanzia hapo.

Kwenye gitaa weka tone 10 na volyumu 8, ubaki na akiba mbili za kupandisha wakati wa solo. Amplifaya: riverbu (mwangwi) sifuri, presensi sifuri kama ipo, besi 4, mido 6, trebo 5. Piga kodi (nota kadhaa kwa pamoja, si ile ya TRA) kwa nguvu zako zote, kama utakavyopiga kwenye pambio la mwisho, na pandisha geini taratibu hadi uanze kusikia mkwaruzo, kisha irudishe nyuma kidogo. Kuanzia hapo geini usiiguse. Waambie wa dramu na besi wapige, na pandisha masta hadi ulingane nao. Usitishwe na namba: kwenye amplifaya nyingi nobu ya volyumu inamaliza kazi yake kubwa ikifika 5, kutoka 7 hadi 10 unaongeza mkwaruzo kuliko ukubwa.

Bendi ikiendelea, shusha besi hadi sifuri. Pandisha polepole, na simama pale unapohisi gitaa limepata mwili. Usisubiri lianze kusukuma. Msikilize mpiga besi: nota zake zikianza kuungana na zako, umezidisha, rudi nyuma. Wengi huishia kati ya 2 na 4 na wanaona aibu kidogo. Kisha chukua mido, izungushe kutoka 2 hadi 9 bila kuacha kupiga. Kuna mahali gitaa litajitokeza mbele kama mtu aliyefungua mlango. Iache hapo. Ikianza kusikika kama redio ya kwenye simu, imepita. Trebo iwe ya mwisho, na usiipange ukiwa umesimama karibu kabisa na amplifaya: rudi mita tatu mbele yake, inama hadi sikio lilingane na spika, mwombe mwenzako azungushe nobu. Inapokuchoma wewe, imewachoma waimbaji dakika kumi kabla. Presensi ni ncha ya juu kabisa ya trebo, inafanya kazi kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya. Ongeza robo tu kama sauti imefunikwa. Riverbu ukumbi mkubwa wa kanisa unayo tayari, tena nyingi. Ukimaliza, piga picha ya nobu kwa simu.

Hao waimbaji sasa. Nimesema wako katikati pamoja nawe, na hilo nobu haziwezi kulimaliza. Wanapoimba, rudisha volyumu ya gitaa kutoka 8 hadi 6. Wakimaliza mstari, rudisha. Kidole kidogo kinaifanya kazi hiyo bila kuacha kupiga, na sauti ikishuka kwa nobu ya gitaa huwa inalainika kidogo, jambo ambalo kwa hapo ni zuri. Mwenye kinanda naye mwombe apumzishe mkono wa kushoto, kwa kuwa mpiga besi yupo. Akikataa, panda wewe: piga kodi zako kwenye nyuzi nne nyembamba, freti ya 5 kwenda juu, au tumia kapo (kibanio kinachokanyaga nyuzi zote kwenye freti moja). Bendi za Kinshasa zilijipanga hivyo kwa mikono: rhythm inakaa chini, mi-solo inashika katikati, solo inapaa juu, na magitaa matatu yanasikika kila moja na lake. Bendi za dansi za Dar zenye magitaa mengi nazo zinagawana nafasi namna hiyo. Hakuna nobu inayoweza kutenganisha magitaa mawili yanayopiga kodi ileile kwenye freti zilezile.

Ukifanya yote na wati 20 bado hazitoshi, na kwa dramu la kweli kwenye ukumbi huenda zisitoshe, bado usikimbilie dukani. Kanisa lina miksa na spika kubwa. Weka maiki mbele ya amplifaya, sentimita tatu hadi tano kutoka kitambaa. Ikilenga katikati ya spika sauti ni kali. Ukiisogeza kuelekea ukingoni inalainika. Sogeza kwanza, ekolaiza baadaye. Kwenye miksa bonyeza swichi ya kukata besi, ile ya hezi 80 au 100. Amplifaya yako inabaki kukuhudumia wewe na jirani zako, ukumbi unapata gitaa kupitia spika kubwa. Tundu la hedifoni kwenda moja kwa moja kwenye miksa linawezekana, ila sikiliza: kama amplifaya haina sakiti ya kuiga spika kwenye tundu hilo, sauti itatoka nyembamba na yenye mlio wa nyuki, kwa sababu spika ya gitaa ndiyo iliyokuwa ikikata ule ukali wa juu. Hapo rudi kwenye maiki. Kununua kubwa ni sawa kama mnapiga mahali pasipo mitambo. Tafuta spika ya inchi 12 yenye nobu ya mido, ujaribu dukani kwa sauti kubwa, na gitaa lako mwenyewe.

Vitu viwili vidogo vinavyoiba trebo kimyakimya. Nyuzi zilizokula kutu la pwani na jasho hazirudishiwi mng'ao na nobu yoyote. Seti mpya ni bei rahisi kuliko amplifaya. Na waya mrefu: kila mita inaongeza takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wa waya kushika chaji, ambao humeza sauti za juu), hivyo waya wa mita 10 unapunguza makali ambayo wa mita 3 ungeyaacha. Kama lazima utembee, vumilia, au pandisha trebo nusu hatua.

Mpelekee fundi amplifaya ikiwa nobu inachakarisha hata baada ya kuipulizia dawa ya kusafishia kontakti na kuizungusha mara ishirini, ikiwa inatoa harufu ya kuungua, au ikiwa fyuzi inakatika tena baada ya kubadilishwa. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Amplifaya iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120 hadi nyuma yake iseme vinginevyo. Kwenye soketi zetu za 230 inahitaji transfoma ya kushusha. Siku ukipata ya vali (mirija ya kioo badala ya transista), usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa kapasita zake huweza kubaki na volti mia kadhaa, na usiiwashe bila spika kuunganishwa, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na masikio yakikulia ngii baada ya mazoezi hadi asubuhi, geuza amplifaya pembeni, vaa vizibo, na mwone daktari wa masikio kama mlio hauondoki.